Swali Lililomaliza Dawa

Naftali Mughwai aliajiriwa na shirika la posta na simu mwaka 1983, akiwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mashine ya teleksi mjini Singida na kugonga herufi ambazo dakika hiyo hiyo zilitokeza Tabora au Dar es Salaam. Kwao ni Mgori, jirani na msitu. Baba yake alilima mtama na alizeti, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kwenda kazini amevaa viatu siku sita za wiki. Naftali aliipenda kazi ile. Alidhani angestaafu nayo.

Kisha ikaja miaka ya kupunguza watu. Mashirika yaligawanywa, mengine yakauzwa, na mwaka 1995 Naftali alikabidhiwa barua ya kumshukuru na kumuaga. Mkewe, Rahabu, alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza, Yunisi. Aliisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni, akaikunja.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa najua kuchapa," Naftali alijibu.

Jibu hilo lilitosha. Alifungua kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi ya mabasi, na taipureta moja. Baada ya miaka michache akaweka kompyuta kuukuu aliyoinunua Arusha, na intaneti ilipofika mjini akaongeza mbili. Zilipoharibika alizifungua mwenyewe, kwa kuwa fundi wa karibu alikuwa Dodoma. Ndivyo alivyojulikana. Hospitali moja ya misheni iliyo nje kidogo ya mji ikawa inamwita kila wiki kutengeneza hiki na kile, hadi mwaka 2007 mganga mkuu wake, Daktari Gerald, akamwambia, "Mzee Naftali, wewe unakuja hapa mara nyingi kuliko baadhi ya watumishi wangu. Si uhamie tu?" Akahamia.

Hospitali ilikuwa imetengenezewa na kampuni moja ya Dar es Salaam programu iliyoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta. Ilikaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha kumbukumbu, na kompyuta nne za mapokezi, maabara, stoo ya dawa na ofisi ya mganga mkuu zilisomea humo. Kampuni ile ilifundisha wiki moja, ikaacha CD na makaratasi, na baada ya mwaka simu zake hazikupokelewa tena. Ilibidi mtu aielewe programu ile. Naftali alinunua kitabu kinene cha Java kilichokwisha kutumika, akakisoma kurasa tatu kwa siku wakati wa chakula cha mchana, kamusi ikiwa kando. Alikuwa na miaka arobaini na nne. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu kuweza kubadili kitu bila kuharibu kingine.

Stoo ya dawa ilikuwa chini ya Mwanvua Haji, mama wa makamo kutoka familia ya wafanyabiashara wa mjini. Watu walimwita Mama Kauthar, kwa jina la bintiye. Alikuwa mkali kwa kila kidonge. Kila kilichoingia na kutoka alikiandika mara mbili, kwenye leja na kwenye kompyuta, na kama havikulingana hakuondoka. Naftali alimheshimu, na pia alimwogopa kidogo.

Jumatatu moja ya Januari 2011, wakati wa palizi, Stefano, mtoto wa mama mdogo wa Naftali, aliumwa na kifutu shambani. Kifutu ni nyoka mnene, mvivu, hakimbii mtu akimkaribia. Unamkanyaga ndipo unamjua. Ndugu walimbeba Stefano hadi zahanati ya kijiji, upande wa pili wa Mgori, ambako nesi Selina alimfunga mguu usitikisike na kuwaambia ukweli: hapa hakuna dawa ya sumu ya nyoka. Akapiga simu hospitali moja, hawana. Akapiga nyingine, hawana. Akapiga ya misheni, simu ya mapokezi ikaita bila kupokelewa, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na kliniki ya watoto na foleni ilifika getini. Ndugu wakaamua kumpeleka Stefano hospitali ya Haydom, njia ndefu, kwenye lori la magunia.

Kule alinusurika. Mguu haukunusurika, ulikatwa chini ya goti.

Naftali alizipata habari siku ya tatu. Alikwenda stoo, akasimama mbele ya friji.

"Mama Kauthar, Jumatatu ulikuwa na dawa ya nyoka?"

Mwanvua hakuhitaji kufungua leja. "Chupa kumi. Hakuna aliyeniuliza."

Naftali alirudi chumba cha kumbukumbu, akakaa mbele ya seva. Humo ndani, katika jedwali la dawa, mstari wa mia moja na kitu, ilikuwepo namba kumi. Ilikuwepo Jumatatu yote. Selina alikuwa na simu mkononi, na simu za siku hizo, hata zile ndogo za vitufe, ziliweza kufungua intaneti. Baina ya ile simu na ile namba hapakuwa na njia.

Alimweleza Daktari Gerald wiki hiyo hiyo. Alitaka kuiongezea programu mlango mdogo wa nje. Mtu aandike anwani kwenye simu yake, seva imjibu mstari mmoja, basi. Asiingie kwenye faili za wagonjwa, asione kitu kingine.

"Unaweza kuijenga?" daktari aliuliza.

"Nimesoma namna yake. Wanaiita REST. Kila kitu unakipa anwani yake, halafu mtu anaomba kwa anwani. Seva haimkumbuki aliyeuliza jana wala haina haja ya kumkumbuka. Kila ombi linakuja limekamilika."

"Kama simu ya maandishi, zile za posta zamani."

"Karibu na hiyo. Ndiyo maana nimeielewa upesi."

Aliyepinga alikuwa Mwanvua. Alikuja ofisini mwenyewe, miwani ikiwa juu ya kilemba.

"Baba Yunisi, stoo yangu unataka ionekane na dunia nzima? Kesho wezi watajua kuna nini na kiasi gani."

"Dawa moja tu, Mama Kauthar. Nani ataiba dawa ya nyoka?"

"Humjui mwizi wewe." Akaishusha miwani hadi puani. "Na jambo la pili. Nikisema ninazo nane, wakatoka watu wawili pande mbili, kila mmoja anahitaji nane? Mmoja atafika akute friji tupu. Atanilaani mimi, hatailaani kompyuta yako."

Swali hilo la pili Naftali hakuwa nalo kwenye daftari. Alikiri. Wakakubaliana kwamba nesi akishapata jibu aweze kushika chupa kadhaa kwa ajili ya mgonjwa aliye njiani, na chupa hizo zisihesabiwe tena kwa mwingine.

Kuujenga mlango wa kwanza kulimchukua siku nne. Klasi moja ya Java, yaani kipande kimoja cha programu, mistari isiyozidi sitini. Juu ya klasi aliandika alama ya @ na neno Path, yaani njia, na mbele yake neno "dawa". Chini yake, juu ya mistari ya kusoma hesabu, akaweka alama ya GET, ambayo kwa lugha ya mtandao ni ombi la kupewa kitu. Mistari hiyo ilikwenda kwenye jedwali, ikachukua namba, ikairudisha kama maandishi matupu, yasiyo na picha wala rangi, ili hata simu dhaifu iyapokee. Kampuni ya mtandao iliwapa anwani ya kudumu. Asubuhi moja ya mwezi Machi Naftali alitoka nje, akasimama kwenye maegesho, akaandika anwani kwenye simu yake ya vitufe. Ilizunguka, ikazunguka. Kisha ikaandika: Dawa ya nyoka, chupa 10.

Alitazama huku na huku. Alikuwepo mama mmoja tu aliyekuwa akisubiri matokeo ya maabara. Naftali alimwonyesha simu.

"Ni nini hicho, baba?" mama aliuliza.

"Ni friji la mle ndani," alisema, na mama yule akatikisa kichwa kwa adabu.

Mlango wa pili, wa kushika, aliujenga kwa haraka. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake alitakiwa Mgori kwenye msiba. Njia nyepesi ilikuwa kunakili ule wa kwanza: anwani ile ile, mwishoni umeongezwa neno "shika". Ukiifungua, seva inapunguza chupa mbili na kukuandikia zilizobaki. Aliijaribu mara moja, ikafanya kazi, akairudisha hesabu kuwa kumi. Kitabu chake kilikuwa na ukurasa uliosema GET isitumike kubadili kitu, ni ya kusoma tu. Alikuwa ameusoma. Aliuona kama ushauri wa watu wenye muda.

Wiki iliyofuata alizunguka na gari la chanjo, akawaonyesha waganga na wauguzi wa vituo vitano jinsi ya kuuliza. Selina alikuwa mwepesi kuliko wote.

"Shikamoo mzee," alimpokea. "Hii nikiihifadhi kwenye simu, si sitaandika tena?"

"Marahaba. Ihifadhi, ndiyo vizuri."

Akaihifadhi. Naftali hakuangalia ni ipi aliyoihifadhi.

Mwezi Mei, katika mavuno ya alizeti, mvulana mmoja wa jirani na zahanati ya Selina aliumwa na nyoka. Selina aliandika anwani ya kuuliza, akaona zipo, akaongeza neno la kushika, akabonyeza. Mtandao kule ulipatikana nyuma ya choo cha zahanati, tena kwa kusimama upande mmoja. Simu ilizunguka bila kuleta kitu. Akabonyeza tena. Alipopata jibu ilikuwa mara ya tatu. Mvulana alipelekwa, akatibiwa kwa chupa mbili, akarudi nyumbani. Mwanvua aliandika mbili kwenye leja, akasikia adhana kutoka msikiti wa barabarani, akaenda kuswali, na kwenye kompyuta hakuandika kitu, kwa sababu Naftali alikuwa amemwambia kwamba zikishashikwa seva inajipunguzia yenyewe. Alikuwa amemwamini.

Kwenye friji zilibaki nane. Kwenye seva zilibaki nne. Ukurasa ambao Selina aliuhifadhi ulikuwa ule wa kushika. Siku hiyo jioni alitaka kujua kama bado zipo, akaufungua. Zikawa mbili. Jumatano akaufungua tena, kwa uangalifu wake tu, kwa kuwa wakulima bado walikuwa mashambani. Ikaandika sifuri. Selina akasikitika, akawatangazia watu wawe waangalifu, misheni wameishiwa.

Alhamisi saa nne asubuhi, mkulima mmoja wa Ikungi aitwaye Luciana alikuwa akikata vichwa vya alizeti, akaingiza mkono kwenye majani makavu. Alipoutoa ulikuwa na matundu mawili juu ya kidole gumba. Mganga wa kituo alichofikishwa alikuwa miongoni mwa wale waliofundishwa na Naftali. Aliuliza kwa simu yake, akajibiwa sifuri, na kwa kuwa mashine imesema, hakupiga simu ya kawaida. Akamwandikia Luciana rufaa ya Dodoma. Mumewe akatafuta pikapu.

Saa tano kasoro Mwanvua alikuwa akihesabu vilivyomo kwenye friji, kama alivyofanya kila Alhamisi. Alihesabu, akatazama kompyuta, akahesabu tena. Kisha akatembea, si kwa kukimbia lakini kwa hatua ambazo watu walizipisha, hadi chumba cha kumbukumbu.

"Baba Yunisi. Friji langu lina chupa nane. Kompyuta yako inasema sifuri. Mmoja wetu ni mwongo na si mimi."

Naftali alifungua faili ambamo seva huandika kila ombi linaloingia na namba ya simu iliyolituma. Alisoma kutoka juu kwenda chini. Shika, shika, shika. Namba ile ile ya simu, ile ya Selina, dakika moja moja. Halafu jioni. Halafu jana. Akaendelea kushuka. Chini kabisa palikuwa na ombi la kawaida la kusoma, la saa nne na dakika thelathini na tano leo, na jibu lililotolewa: chupa 0.

"Kuna mtu ameuliza leo," alisema. "Ni namba ya kituo cha Ikungi."

Mwanvua alikuwa tayari ameshika simu ya mezani.

Mganga wa kituo alisema pikapu imeondoka dakika ishirini zilizopita. Hakuwa na namba ya dereva. Alikuwa nayo ya mume, na mume hakupatikana. Daktari Gerald akaingia, akaelezwa kwa maneno machache, akampigia mtu anayemfahamu kwenye kizuizi cha mazao kule mbele, kabla ya kufika Issuna. Wakasubiri. Naftali alibaki amesimama. Mwanvua aliketi kwenye kiti cha Naftali akiwa na saa yake ya mkono kiganjani, akiitazama.

Mtu wa kizuizi alipiga simu. Pikapu ya bluu, mama amelala nyuma kwenye godoro, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Ameisimamisha. Imegeuka.

Ilifika saa saba kasoro robo. Chupa zilikuwa zimeshatolewa, zimepangwa. Luciana alipewa nne mara moja na mbili baadaye. Usiku haukuwa mwepesi lakini asubuhi uvimbe ulikuwa umesimama. Kidole gumba kilibaki kigumu, hakikukunjika tena vizuri. Maisha na mkono vilibaki.

Siku ya pili Naftali alikwenda wodini. Alikuwa ameambiwa na Daktari Gerald kwamba si lazima, hospitali itaeleza kwa barua. Luciana alikuwa amekaa, akinywa uji kwa mkono wa kushoto. Naftali alimsalimia, akamwuliza kwao, wakajikuta wote ni Wanyaturu, na mazungumzo yakahamia kwenye lugha ya nyumbani. Akamweleza. Alisema dawa ilikuwepo tangu mwanzo, kwamba ni yeye aliyejenga kitu kilichosema haipo, na kwamba alikuwa ameonywa na kitabu asikijenge hivyo.

Luciana alimsikiliza hadi mwisho.

"Umeshakitengeneza?" aliuliza.

"Nimekizima. Sijakitengeneza bado."

"Kitengeneze basi. Watu bado wanavuna."

Akarudi kwenye uji wake.

Naftali alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hata kutukanwa. Kuambiwa aende kazini kulimkaa vibaya zaidi. Jioni hiyo alimsimulia Rahabu wakiwa wanapeta alizeti uani. Rahabu alimsikiliza bila kuacha kupeta.

"Ukiwa posta," alisema, "mtu akileta ujumbe mmoja mara mbili, ulikuwa unautuma mara mbili?"

"Hapana. Kila ujumbe ulikuwa na namba. Ukiona namba hiyo umeshaituma, unaiweka kando."

Rahabu akapeta tena. Naftali aliweka ungo chini, akaenda kutafuta daftari lake.

Aliandika upya kwa siku tisa, na safari hii alipeleka kila hatua kwa Mwanvua kabla ya kuandika mstari wa Java. Kusoma kukawa kusoma: ukifungua anwani mara mia, hakuna kinachobadilika stoo. Kushika kukahama kwenye GET kabisa. Nesi sasa alijaza fomu fupi ya mistari miwili, namba ya kadi ya mgonjwa na idadi ya chupa, na fomu hiyo ilitumwa kwa POST, ombi la kuandika. Kitabu kilipendelea PUT, ombi ambalo hata likirudiwa matokeo ni yale yale, lakini kurasa za simu zile hazikujua kutuma PUT, kwa hiyo Naftali alitimiza lengo kwa njia nyingine: seva ikipokea fomu inatazama kwanza namba ya kadi. Kama imeshaiona, haishiki tena. Inarudisha jibu lile lile la mwanzo. Na Mwanvua akadai kitu chake.

"Asipotokea mgonjwa hadi saa sita zipite, chupa zangu zirudi zenyewe."

"Zitarudi."

"Na uandike hesabu mbili mbalimbali: zilizomo kwenye friji, na zilizoshikwa. Usinichanganyie. Friji ni friji."

Naye akaandika hivyo. Ikawa jibu linasema: Kwenye friji 8, zimeshikwa 2, zipo 6. Wiki zile kutoka Dar es Salaam zilikuwa zimeletwa chupa nyingine za kufidia.

Ilipokuwa tayari alimkabidhi Mwanvua simu. "Iharibu," alimwambia. "Fanya kila baya unaloweza."

Hakuna kazi ambayo Mwanvua aliifanya kwa furaha kama ile. Alibonyeza kutuma mara ishirini mfululizo. Akazima simu katikati, akaiwasha, akatuma tena. Akaandika chupa elfu moja. Akaandika chupa hasi tatu, na hapo alicheka kwa sauti, kwani kwenye simu friji lilianza kujaa. Naftali alishika kichwa, akarudi kwenye klasi yake, akaongeza mistari minne ya kukataa namba isiyo na maana. Mwanvua akarudia. Safari hii seva ilimjibu kwa Kiswahili kwamba idadi si sahihi. Akaitazama simu, akalitazama friji, akafungua leja na kulinganisha.

"Sasa tunaweza kusema kitu kimoja," alisema, akamrudishia.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa kurudi kwa Selina. Alikuwa amesikia kilichotokea, na kwa wiki tatu alikuwa haulizi kitu kwenye simu. Alikuwa akijua kwamba ni kidole chake kilichomaliza dawa.

"Mzee, mimi sitaigusa tena," alimwambia, akiwa amekunja mikono mlangoni pa zahanati. "Nitapiga simu. Wasipopokea nitapanda baiskeli."

"Wewe uliuliza swali," Naftali alisema. "Kuuliza hakupaswi kumaliza kitu. Mlango ulikuwa mbovu, na mlango niliutengeneza mimi."

"Ila niliyebonyeza ni mimi."

"Bonyeza sasa. Mara kumi. Mimi nitapiga simu kwa Mama Kauthar, utamsikia."

Wakaenda nyuma ya choo, mahali penye mtandao. Selina alibonyeza akiwa amefumba jicho moja, kama anayechungulia kitu kisichofaa. Naftali aliweka simu yake kwenye spika. Kila baada ya mara mbili tatu sauti ya Mwanvua ilisikika, kavu kabisa: "Nane. Bado nane. Nane. Nimesema nane, mnataka nini?" Mara ya saba Selina alianza kucheka. Akaihifadhi anwani mpya, akafuta ile ya zamani mbele ya macho ya Naftali.

Huduma ile ilitumika mwaka mzima. Vituo viliongezeka hadi kumi na kimoja. Si kila jambo lilikwenda vizuri. Msimu wa mvua uliofuata mzee mmoja aliumwa na nyoka, muuguzi akauliza, akajibiwa zipo, akazishika, na gari likakwama kwenye korongo lililojaa maji kwa saa tano. Mzee alifariki kabla ya kuvushwa. Naftali alilisoma ombi lile kwenye faili la seva: limeingia saa mbili na dakika nne, limejibiwa sekunde hiyo hiyo. Saa nane na dakika nne chupa zilirudi zenyewe, kama alivyoahidi.

Alilipeleka suala hilo kwenye kikao cha Jumatatu. Alisema kujua dawa ilipo hakumfikishi mtu. Daktari Gerald aliuliza anapendekeza nini, na aliyejibu ni Mwanvua, ambaye kwa kawaida vikaoni alisikiliza tu.

"Zahanati ya Selina imepewa friji la umeme wa jua," alisema. "Nimewauliza, linashika baridi. Mvua zikianza, chupa nne ziende zikakae kule. Mimi nitaziandika kwamba ziko kule."

Watu walitazamana. Mwanvua Haji, kutoa kitu stoo kwake kikalale kwingine.

Naftali alibadili programu. Jibu sasa lilitaja sehemu mbili, kila moja na mstari wake, na Selina akapewa neno la siri la kuandika hesabu ya friji lake. Asubuhi ya kwanza alipoandika, Naftali na Mwanvua walikuwa mbele ya kompyuta ya stoo. Mstari ukatokea: Zahanati, kwenye friji 4. Mwanvua alivaa miwani yake, akausoma, akachukua simu ya mezani na kumpigia.

"Selina, umezihesabu kwa mkono au umekumbuka tu?"

"Shikamoo mama. Nimezihesabu kwa mkono."

"Marahaba. Hesabu tena, nasubiri," alisema Mwanvua, akaivuta leja karibu na kufungua ukurasa mpya.